Njia ya Walikale Ndani ya Kichwa cha Mume Wangu

Mume wangu hakujua kusoma, lakini alikuwa na njia nzima kichwani mwake. Tangu mwaka 1943 hadi 1951 alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa wapagazi walioshusha maharagwe kutoka milima yetu ya Masisi hadi kwenye kambi za wachimbaji huko Walikale. Kati ya mlima wetu na mto Lowa alihesabu mito na vijito kumi na tisa. Kila kimoja alikijua: wapi pana gogo la kuvukia, wapi maji hupanda ghafla mvua ikinyesha juu, wapi mzigo hubebwa kichwani na wapi hushushwa begani. Mito mikubwa ilikuwa na majina yake. Vijito vidogo wapagazi walivipa majina wenyewe. Palikuwa na Kijito cha Viatu, ambapo Mzungu mmoja alivua viatu avuke na maji yakavichukua. Palikuwa na Kijito cha Wanaonuna, kwa sababu kilikuja baada ya mlima mrefu na hakuna aliyekifikia akiwa na neno jema la kumwambia mwenzake.

Jioni, tulipokuwa tukichambua maharagwe, aliisema njia hiyo kwa binti zetu wawili, kijito kwa kijito, nao walijibu kila mara, «Na kisha?» Hakuruka hata kimoja. Tulikuwa tumefunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Agosti 1941, na tangu mwaka 1943, kwa miaka kumi, sikumsikia akikosea hata mara moja.

Mwaka 1951 magari ya mizigo yalichukua kazi ya wapagazi, naye akarudi kulima. Shamba letu kubwa lilikuwa mlimani, la maharagwe na mihogo. Dogo lilikuwa chini, karibu na ziwa, upande wa njia ya Kirotshe, kwenye ardhi ya mawe meusi ya volkano. Huko chini ndiko kulikokuwa na mazuku.

Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala katika mashimo na mabonde madogo. Haionekani, na mara nyingi hainuki. Asubuhi kabla ya jua kupanda hujaa kama maji ndani ya beseni, na upepo wa mchana huipunguza. Mtu hujua kwamba ipo anapoona ndege wamelala chini bila jeraha, panya amekauka karibu nao, na ukishusha kijinga cha moto ukitumia kijiti kirefu, moto huzimika kana kwamba umetiwa majini. Mbuzi anayefuata majani mabichi hadi ndani ya shimo hupiga magoti, kisha hulala, na hainuki tena.

Mnyama aliyechukuliwa na mazuku hakuachwa. Desturi ilikuwa hivi: mwanamume mmoja alifungwa kamba kiunoni, akavuta pumzi tatu ndefu pembeni mwa shimo, akaifunga ya tatu kifuani, akashuka, akafunga kamba ya pili kwenye pembe au mguu wa mnyama, akapanda. Wengine walivuta. Aliyeshuka alipewa shingo na mguu mmoja wa nyuma. Mara nyingine pumzi ilimwishia huko chini, akavuta hewa ya shimo, akaanguka. Hapo wenzake walimvuta yeye kwanza, wakammwagia maji, wakacheka.

«Amelewa, na pombe hakunywa!»

«Papa, huko chini walikupa kasiksi gani? Utuletee na sisi!»

Naye alikaa na kichwa mikononi kwa saa moja au mbili, kisha akainuka akala pamoja nao.

Mume wangu alishuka mara ya kwanza wiki moja baada ya Pasaka ya mwaka 1952. Wakati huo sikujua kuandika; tarehe hiyo ninaijua kwa sababu ya Pasaka. Mara ya pili ilikuwa siku chache kabla ya Noeli ya mwaka uleule. Mara zote mbili alianguka na kuvutwa, na mara zote mbili aliinuka. Basi watu wa kilima chetu wakafikia neno moja, na neno hilo ndilo lililotuumiza. Walisema: damu yake imezoea. Waliona kwamba mtu aliyeingia katika mazuku akarudi anakuwa mgumu, kama mguu unaokwenda bila viatu unavyokuwa mgumu, na kwamba kila anaporudi anakuwa salama zaidi. Kwa hiyo hawakumtafuta mtu mwingine. Mbuzi akianguka, walimwita yeye. Kadiri alivyoshuka ndivyo walivyozidi kumwita.

Sitasema kwamba mimi nilikuwa na akili kuliko wao. Nilipika zile shingo. Nilipopita sokoni na wanawake wakasema, «Huyu njo muke wa mwanaume wa mazuku,» niliinua kidevu.

Jumatatu tarehe 5 Oktoba 1953 niliingia darasani kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka thelathini na mmoja kwa hesabu ya kitabu cha ubatizo. Misheni ilikuwa imefungua masomo ya wanawake mara mbili kwa wiki, na mke wa katekista ndiye aliyetufundisha. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka minane, na hakutuonea haya. Tulipojua herufi, alimpa kila mmoja wetu kaye, daftari lenye mistari, na kutupa sheria: kila siku sentensi moja, na juu yake tarehe kamili. «Sentensi bila tarehe,» alisema, «iko sawa na mutoto bila mama. Hatutajua ametoka wapi.» Wengine walichoka upesi. Mimi sikuruka siku. Niliandika mvua, nikaandika bei ya chumvi, nikaandika kuku aliyeangua. Niliandika pia mume wangu aliposhuka shimoni, kwa sababu nilikuwa na fahari.

Sentensi ya tarehe 17 Februari 1954, siku ya Jumatano, inasema tu: «Leo papa wa watoto ameshuka, mbuzi wa jirani.» Haisemi yaliyotangulia, kwa hiyo nayasema sasa. Asubuhi ile walipokuja kumwita alibaki ameketi. Alisema, «Kichwa kinaniuma tangu jana. Batafute mwingine.» Jirani alisimama mlangoni akisikia. Mimi ndiye niliyesema, «Unataka baseme umeanza kuogopa?» Alinitazama, akainuka, akachukua kamba yake.

Alianguka kwa muda mrefu kuliko mara zote. Walipomvuta midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Siku tatu baadaye, tukichambua maharagwe, alisema njia ya Walikale na kuruka Kijito cha Viatu. Binti yetu mkubwa alicheka.

«Papa, na viatu vya Muzungu?»

«Viatu gani?»

Tulidhani anatania. Hakuwa akitania.

Mwaka ule alibadilika polepole, na kila badiliko lilikuwa dogo kiasi cha kusamehewa. Aliuliza jambo, akajibiwa, akaliuliza tena kabla moto haujahitaji kuni. Alikwenda kwenye shamba la chini akiwa na jembe, akarudi bila jembe, akagomba kwamba tumeliiba. Mtu aliyewaongoza wapagazi arobaini bila kupaza sauti alianza kupiga kelele kwa sababu ya chumvi. Majirani walisema ni uzee. Hakuwa na miaka arobaini. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alisema kuna mtu amemtupia jambo baya, akataja na mlango wa mpiga ramli wa kwenda kumwuliza. Mimi sikukubali, lakini sikuwa na neno langu la kuweka mahali pa lile lake.

Neno hilo nililipata darasani. Alhamisi tarehe 12 Mei 1955 mwalimu alitaka kila mwanamke afungue kaye yake asome kwa sauti yale aliyoyaandika kuhusu mtu mmoja wa nyumbani mwake. Nilichagua mume wangu, nikasimama, nikasoma nikiruka kurasa.

«Tarehe 17 Februari 1954, ameshuka. Tarehe 20 Februari, amesahau Kijito cha Viatu. Tarehe 3 Juni, ameshuka, ng'ombe. Tarehe 5 Juni, amepotea njia ya kutoka shamba la chini. Tarehe 28 Septemba, ameshuka, mbuzi wawili. Tarehe 1 Oktoba, amemwita binti yetu mdogo kwa jina la dada yake marehemu.»

Wanawake walikuwa wakicheka mwanzoni, kwa sababu ng'ombe na mbuzi wangu walifuatana kama wimbo. Nilipofika Oktoba hakuna aliyecheka. Nilisoma bado tarehe 11 Januari na tarehe 2 Aprili 1955, na kila moja ilikuwa na mtoto wake siku mbili au tatu nyuma yake. Mara saba ameshuka, tano ziko katika maandishi, na kila mojawapo ya hizo tano ilimpotezea kitu.

Mwalimu alisema kwa sauti ndogo, «Mama, soma tena.»

Nilisoma tena. Sikuwa nimewahi kujisomea kurasa hizo kwa kufuatana. Mtu anayejifunza kuandika huangalia mstari anaouandika tu. Nilikaa chini.

Jumatatu tarehe 23 Mei nilimpeleka hospitali ya Kirotshe, nikimwambia tunakwenda kwa ajili ya kile kichwa chake kinachouma. Munganga aliyetupokea alikuwa Mwafrika, mtu wa makamo, mwenye mikono iliyonukia sabuni. Alimpima mume wangu macho na magoti, akampa majina matatu ya kukumbuka: jembe, mvua, kikapu. Kisha akamwuliza habari za shamba. Baada ya hapo akamwomba yale majina. Mume wangu alisema, «Jembe.» Akasema, «Jembe,» mara ya pili, nami nikatazama dirisha.

Nilitoa kaye yangu katika mkunjo wa kitenge. Munganga aliisoma yote amesimama. Alipomaliza alimwuliza mume wangu, «Papa, unalima nini?»

«Maharagwe.»

«Mvua ikikosa siku moja na jua ikiwa kali, maharagwe inafanya nini?»

«Inalala. Jioni inasimama.»

«Na ukiinyima tena? Na tena? Inazoea?»

Mume wangu alicheka kwa dharau ya mkulima. «Hakuna haragwe inazoea kiu. Kila mara zingine hazisimame.»

«Basi, njo vile kichwa yako iko,» alisema munganga. «Ubongo unakula hewa kila dakika, kuliko mukono, kuliko mguu. Ndani ya lile shimo hewa ya kuishi haiko. Ukianguka, ubongo umelala na kiu. Sehemu inayoshika mambo mapya na majina njo inaumia mbele ya zingine. Ukivutwa inje, sehemu nyingi zinasimama. Zingine hapana. Wanasema umezoea, hapana, Papa. Wewe unamalizika.»

Nilimwuliza kama yaliyolala yatasimama. Hakunidanganya. Alisema kwamba yaliyokufa hayarudi, lakini yaliyolegea tu yanaweza kuamka yakipewa wakati, na kwamba akili hujitafutia vijia vingine pale njia ilipokatika, ikiwa mtu anaitumia kila siku. «Asishuke tena,» alisema. «Na aseme ile njia yake. Asiachishwe kuisema, hata kama anakosea.»

Njiani mume wangu alitangulia hadi tulipofika kwenye kilima cha kwanza. Kisha akasimama.

«Kumbe unaniandika? Sawa vile polisi?»

«Ninaandika siku zote. Na kuku ninaandika.»

«Mimi na kuku!» Alikuwa na hasira, lakini mdomo wake ulitaka kucheka.

Hapo nilimwambia juu ya Jumatano ile ya Februari, kwamba yeye alikataa na mimi nilimsukuma kwa maneno. Hakuikumbuka. Hilo liliniuma kuliko kama angenilaumu: nilikuwa nikiomba msamaha kwa mtu ambaye kosa langu lilimfutia hata kosa lenyewe. Nilimwambia tena, nikamtajia tarehe, na kwa sababu alinitegemea katika tarehe alikubali kwamba ilikuwa kweli. Akasema, «Basi tuko wawili tulioshuka.»

Tuliwekeana sharti siku ile, na lilikuwa sharti lake, kwa maana mwanamume yule hakuweza kukatazwa na mke mbele ya watu. Siku wakija kumwita, kwanza ataisema njia ya Walikale, nami nitafuata katika kaye, ambamo binti zetu walikuwa wameniandikisha vijito vyote kumi na tisa kama walivyovishika tangu utoto. Akifika mto Oso, ambao ni wa nane, bila kukosea, atashuka. Asipofika, hashuki. Alijiamini kwamba atafika. Mimi niliogopa kwamba atafika.

Walikuja Jumamosi tarehe 10 Septemba 1955, jua likiwa halijatoka vizuri. Aliyekuja mbele alikuwa shemeji yangu, na nyuma yake wanaume sita na kamba. Ng'ombe wake alikuwa shimoni tangu alfajiri, jike mwenye mimba, ambaye shemeji alikuwa ametoka kumnunua upande wa Kirolirwe kwa ajili ya ndoa ya mwanawe. Ng'ombe huyo alikuwa amekwisha kufa, lakini nyama na ngozi ya ng'ombe vilikuwa jambo kubwa, na jua lingeviharibu.

«Mudogo wangu, simama. Leo iko ng'ombe ya kwetu wenyewe.»

Mume wangu alisimama. Mwili wake uliikumbuka kazi hiyo vizuri kuliko kitu chochote. Tayari alikuwa ameishika kamba na kuizungusha kiunoni. Sikupiga kelele. Nilikwenda ndani, nikaleta kaye, nikafungua ukurasa wa njia, nikasimama mbele yake. Alinitazama. Kisha akamwambia kaka yake angoje, akaanza.

Kijito cha kwanza alikisema. Cha pili, na gogo lake. Cha tatu, ambapo maji hupanda. Akafika pale pa Kijito cha Viatu, nao wanaume wote walikijua, maana nusu yao walikuwa wapagazi wake zamani. Niliona midomo yao ikitaka kumsaidia. Alifumba macho. Alisema, «Kisha kuna… kisha kuna kilima.» Akafumbua macho. «Hapana. Kuna maji mbele ya kilima. Ninajua kuna maji.»

Jogoo aliwika nyuma ya nyumba. Mzee mmoja, ambaye kwa miaka minane alikwenda na mzigo nyuma ya mgongo wa mume wangu, alivua kofia yake. Walikuwa wamemwona akianguka na kuinuka mara saba wakacheka. Lakini kapita wao kusahau Kijito cha Viatu, hilo walilielewa mara moja.

Mume wangu alifungua fundo kiunoni. Alichelewa, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alimpa kaka yake kamba.

Shemeji yangu aliuma meno. «Kwa hiyo bibi yako amekufunga.»

«Amenifunga, ndiyo. Kamba yenu inavuta mutu akisha kuanguka. Ya kwake inamuvuta mbele ya kuanguka.»

«Na ng'ombe yangu?»

«Ng'ombe amekufa, kaka. Mimi bado.»

Ikaja hapo fikra ambayo ingeweza kuja miaka mitatu kabla, kama tusingekuwa na mtu wa kumtuma. Yule mzee mwenye kofia alisema tungoje upepo wa mchana. Walikata mianzi, wakaiunga mitatu mitatu kwa kamba hadi ikawa mirefu kupita upana wa shimo, wakafunga mwishoni kulabu ya chuma iliyotoka kwenye mnyororo wa gari. Walijaribu wakiwa pembeni, wakikosa, wakitukanana, wakicheka tena kama watu wazima wanaovua samaki mkubwa. Jua lilipokuwa kichwani waliipata pembe. Walivuta wote, na shemeji yangu alivuta kwa nguvu kuliko wote. Jioni aliniletea shingo ya ng'ombe mwenyewe, akaiweka juu ya mkeka bila salamu. Kisha, akiwa mlangoni, akasema, «Shemeji, andika kwamba nilileta.» Niliandika.

Tangu siku hiyo ile mianzi ilitunzwa chini ya paa letu, na hakuna mtu wa kilima chetu aliyeshuka tena mazukuni.

Kupona hakukuwa kama mlango unaofunguliwa. Mwaka mzima wa 1956 aliisema njia kila jioni, akikwama mahali palepale, na binti zetu walijifunza kutomsaidia upesi. Tarehe 8 Machi 1957 Kijito cha Viatu kilirudi. Alikuwa akinawa miguu, akasema, «Alikuwa na soksi nyekundu, yule Muzungu,» akacheka hadi maji yakamwagika. Hasira ilipungua kabla ya kumbukumbu kuongezeka. Jembe lilianza kurudi nyumbani. Majina mapya yalibaki magumu kwake hadi mwisho, na alijifunza kusema bila haya, «Mama wa batoto, angalia ndani ya kaye.»

Jumanne tarehe 15 Julai 1958, wakati wa kiangazi, tulipanda gari la mizigo kwenda Walikale kumwona binti yetu mkubwa, aliyeolewa na karani wa duka upande wa Mubi. Nilikaa juu ya magunia na kaye yangu mapajani. Gari lilishuka kutoka baridi yetu kuingia msituni, na kwenye kila daraja mume wangu alipaza sauti jina, nami niliweka alama. Mto Oso aliusalimia kama mtu. Vijito viwili havikumrudia; alivitazama vikipita chini ya mbao, akaniuliza, nikamsomea, akavitamka polepole.

Karibu na Lowa gari lilipita juu ya kamfereji kadogo, kalikokaribia kukauka, ambako kaye yangu haikuwa nako kabisa. Mume wangu alinigusa bega.

«Hapa tulikuwa tunanawa uso mbele ya kufika, batu ba kambi basione tumechoka. Sikuwaambia batoto. Ilikuwa siri ya bapagazi.»

«Kanaitwa nani?»

Alifikiri. Sikumsaidia. Gari lilikuwa limekwisha kupanda ng'ambo ya pili alipolisema jina, Kioo, na mimi nikatafuta kalamu, nikaandika namba ishirini, jina, na tarehe ya siku ile.